Kijiko cha Asubuhi na Ini Lililobaki

Daktari aliongea kwa muda wa kutosha kuivisha wali. Alipomaliza, mke wangu alinigeukia akanitafsiria: "Anasema batakata, halafu itaota tena."

Maneno matano. Niliyahesabu.

Nilimtazama daktari, nikaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Alikuwa amechora ini, akaligawa kwa mstari, na upande wa kulia, ule mkubwa, akaupaka wino mpaka karatasi ikataka kutoboka. Pembeni kulikuwa na mishale, herufi, na mshale mwingine uliorudi ulikotoka. Mtu hachori yote hayo kwa ajili ya maneno matano. Machale yakanicheza: mke wangu ananipunguzia.

Lawama zilikuwa zangu mwenyewe. Nina miaka kumi na tano Brussels na Kifaransa changu ni cha kununulia vifaa: uzi mweusi, zipu ndefu, asante, kwaheri. Mimi ni mtu wa ndani. Nashona nyumbani kwetu Ganshoren, cherehani iko dirishani, na mtaa wetu ni mtulivu kiasi kwamba gari likipiga honi tunalizungumzia mpaka chakula cha jioni. Mke wangu ndiye anayetoka. Kwao ni Lubumbashi, Kongo, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, anawaogesha watu, anawalisha, anacheka nao kwa Kifaransa. Miaka yote hiyo, dunia ya nje imenifikia kupitia mdomo wake, na sikuwahi kulalamika juu ya kipimo, mpaka siku ile alipokaa kwenye kiti cha mgonjwa na bado akawa yeye ndiye mkalimani.

Alikuwa na uvimbe kwenye ini, upande wa kulia. Hilo nililijua. Kwamba wataondoa upande huo wote, nalo nikalijua. Nililolikataa ni hilo la kuota tena. Kwa fundi, kilichokatwa kimekatwa. Nimeshika mkasi miaka thelathini, sijaona kipande kilichobaki mezani kikajinyoosha asubuhi kikawa gauni. Kidato cha nne, kule Tabora, nilichora ini la binadamu kwenye mtihani wa biolojia, likafanana na kiatu cha mguu wa kushoto, na mwalimu akanipa alama ya kiatu. Hata hivyo sikumbuki mahali popote palipoandikwa kwamba kiatu hicho kinakua.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba ama daktari anadanganya au yeye ananidanganya, achague. Akacheka, akaitandaza ile karatasi ya daktari juu ya mto, akanieleza kwa siku mbili, kidogo kidogo, kama anavyowalisha wazee wake.

Kwanza, akasema, kile kinachokatwa hakirudi. Umbo la zamani halirudi pia. Kinachotokea ni kwamba kipande kilichobaki kinanenepa mpaka kifikie kiasi ambacho mwili unakihitaji. Hapo nikaanza kusikiliza, maana kama ni uongo, ulikuwa umepangwa vizuri.

Pili, damu. Damu yote inayotoka kwenye matumbo inapita kwenye ini kabla ya kwenda kokote, kama abiria wa stesheni ya Gare du Midi wanavyolazimika kupita milangoni. Funga milango miwili kati ya mitatu: abiria ni walewale, msongamano wote unahamia mlango uliobaki. Kuta za vile vimishipa vidogo zinasukumwa, zinahisi msukumo, na habari inaenea.

Tatu, humo ndani kuna seli walinzi, kazi yao ni kumeza uchafu unaopita. Hao wanatoa ishara ya kuamsha. Seli za ini zenyewe kwa kawaida zimetulia tu, mwaka unaingia mwaka unatoka, zinafanya kazi na hazigawanyiki.

"Seli za watu wa ndani," nikasema.

"Sawa weye," akasema, yaani kama mimi.

Zikiamshwa hazianzi papo hapo. Zinangoja ishara ya pili, vichocheo vya ukuaji, vyenye majina ya herufi na tarakimu kama bamba za magari. Ndipo moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na baada yake mishipa mipya ya damu inafuata. Na wakati wote huo haziruhusiwi kuacha kazi: zinachuja, zinatengeneza nyongo, zinapima sukari. Fikiria mtu anajenga nyumba huku anapika ndani yake.

Nikamwuliza nani anaziambia basi, inatosha. Maana mimi nimeona vitu visivyojua kuacha, na uvimbe wenyewe ni kimojawapo. Akaigeuza karatasi, akauonyesha ule mshale uliorudi ulikotoka. Kuna ishara nyingine ya kuzituliza, akasema. Daktari kasema wanajua sehemu, hawajui yote.

"Hawajui yote?"

"Habajui yote."

"Na kisu wanacho."

"Kisu banacho, papa. Lala."

Walikata. Waliondoa upande wa kulia, zaidi ya nusu ya ini, na uvimbe wake ndani. Siku ya kumi na mbili akarudi nyumbani ana kovu lililokunjika chini ya mbavu kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi, maoni ambayo sikuyasema hospitalini. Kila Jumanne alitakiwa kurudi kupimwa damu, waone kama kipande kilichobaki kinakua na kinafanya kazi. Na hapa, hata kwa kipimo chake cha maneno, mke wangu hakunipunguzia. Aliniambia mlangoni kabla hata hajavua koti: "Ikishindwa iyi, hakuna ingine."

Basi nikawa muuguzi. Asubuhi namfungulia pazia, namwagilia mimea ya dirishani, nampa kijiko chake, nampa uji, nampima joto, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Kitu cha kwanza nilichokuwa nakitazama kila siku ni macho yake. Daktari alikuwa amesema ini likichoka, weupe wa macho unageuka njano. Nilikuwa nayatazama macho ya mke wangu kama mtu anayenunua samaki.

Siku ya pili dada yake akaingia. Ni mkubwa kwake, anaishi Saint-Gilles, anasuka nywele kwenye saluni moja ya Matonge, mtaa wa Wakongo, ndani ya ile Galerie d'Ixelles, na wateja wangu wengi ni yeye anayeniletea: mwanamke anakaa kwenye kiti kusukwa, anatoka ameshaagiza gauni. Kwa hiyo mkoba wake mkubwa ulikuwa haukosi kitambaa. Mimi kwake ni shemeki, yaani shemeji kwa Kiswahili chao. Kwetu Tabora shemeji ni mtani wako kwa haki kabisa, na kwao vilevile, ila kwetu kuna saa mtu anapumzika.

"Papa ya nyumba, uko?" aliuliza kwenye kengele ya chini. "Ao nikutafute ku bureau?"

Nilimjibu kwamba ofisi imefunguliwa, ila wageni wenye makelele wanasubiri nje. Akapanda.

Alikuja kila siku baada ya hapo, na kila siku mkobani mwake kulikuwa na chupa ya bluu ya chai. Hicho ndicho kilichoanza kunitia shaka. Vyakula vyake alivileta jikoni wazi, sombe, yaani kisamvu, samaki, wali, akinieleza jinsi ya kuvipasha kama vile mimi sijawahi kuona jiko. Lakini ile chupa haikuingia jikoni. Iliingia chumbani kwa mgonjwa ikiwa mkobani, ikatoka ikiwa mkobani. Na mimi nilikumbuka, maana kumbukumbu yangu ni nzuri kwa mambo ya watu wengine, kwamba miezi kadhaa nyuma alikuwa amenisimulia juu ya mteja wake aliyekuwa akinywa majani machungu yaliyochemshwa, ya kuosha ini. Aliyasifu sana. Alisema yule mama aling'aa.

Jumanne ya kwanza matokeo yalikuwa mazuri. Jumanne ya pili hayakuwa. Daktari yuleyule aliiweka karatasi mezani na kidole chake kikasimama kwenye mistari miwili. Kile kitu kinachotia macho unjano, bilirubini, kilikuwa kimepanda badala ya kushuka, na vipimo vingine vilionyesha seli za ini zinaumia. Akamwuliza mke wangu swali, polepole, na mke wangu akanitafsiria lote: je, anakunywa dawa yoyote ambayo hospitali haikuandika, vidonge, chai, majani, kitu chochote cha kienyeji?

Mke wangu alinitazama. Nakumbuka vizuri, alinitazama muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyohitaji. Kisha akamgeukia daktari akasema "Non", na hiyo hata mimi naielewa.

Nilitoka pale nimeshahitimisha kesi. Ule mtazamo nikausoma kama nilivyotaka: anamlinda dada yake. Majani yamo kwenye chupa ya bluu, wawili hawa wamekubaliana kwa lugha yao, na mimi mjinga wa Tabora nawapikia uji.

Sasa ngoja niseme nilivyofanya siku zile nne, maana najiaibisha mwenyewe na ni haki yangu. Nilijifanya napima mapazia ya koridoni, mita shingoni, sikio mlangoni. Pazia lile nililipima mara kumi na moja. Hakuna pazia Brussels nzima linalojulikana urefu wake kwa uhakika kama lile. Ndani nilisikia minong'ono na vicheko. Walipocheka niliamini wananicheka mimi, na baadaye nikajua ni kweli. Shemeji akitoka, naingia upesi, nakinusa kikombe cha mgonjwa. Hakinuki kitu. Hilo nalo likanitia shaka: mtu haoshi kikombe cha maji safi.

Nilimwuliza mke wangu, kwa mzunguko, kama dada yake anamletea vinywaji. Akasema dada yake anamletea umbeya, na unamfaa kuliko vinywaji.

Jumamosi asubuhi nikavuta pazia, mwanga ukamwangukia usoni, na kwenye pembe za macho yake nikaona rangi. Haikuwa njano ya limau. Ilikuwa kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na kitu cha manjano. Nilimwambia atazame juu, atazame chini, nikamwambia ni sawa. Nikampa kijiko chake, nikampa uji, hakuumaliza. Aliniambia amechoka tu. Nikaenda jikoni nikasimama nimeshika sinki kwa mikono miwili. Lile neno lake la mlangoni, hakuna ingine, lilikuwa linazunguka kichwani.

Shemeji alipofika alileta vifaa vyake vya kusuka, kasema hawezi kuvumilia mdogo wake alale na kichwa kama kiota. Aliacha mkoba koridoni, akaingia na chanuo na nywele za kuunganishia. Niliwasikia wakianza. Nikangoja mpaka mazungumzo yakolee, nikainama, nikatia mkono mkobani.

Kitambaa. Kitambaa kingine. Chupa. Nikaifungua, mvuke ukanipiga usoni, nikanusa kwa nguvu zote za mwanamume aliyedanganywa.

Kahawa.

Nikanusa tena. Kahawa, na maziwa kidogo.

"Shemeki," sauti ikasema nyuma yangu. "Unatafuta nini mu sac ya mwanamuke?"

Nikasema natafuta kitambaa.

"Kitambaa iko mu kahawa?"

Ningeweza kutania nikapona, yeye alikuwa ameshanifungulia njia. Lakini nilikuwa nimechoka na yale macho ya asubuhi. Nikamwambia yote pale pale, nimeinama: majani machungu, yule mteja wake aliyeng'aa, chupa isiyoingia jikoni, damu ya Jumanne. Nilimwambia kama anamnywesha dada yake majani basi anamuua, na aniambie leo.

Hakutania. Kwa mtu kama yule, kuacha utani ni kama mvua kusimama ghafla. Unasikia kila kitu kingine. Akasema mdogo wake ni mmoja, hana mwingine, na kwamba hajamtia kitu chochote kinywani ila chakula nilichokiona. Ile kahawa ilikuwa yake. Aliileta toka kwake kwa sababu chai yangu, akasema kwa upole kabisa, iko sawa na maji ya kuoshea sahani, na alikuwa anaificha chumbani ili asinitie haya ndani ya nyumba yangu.

Kisha akaichukua chupa mkononi mwangu, akaifunga. "Bon. Umeangalia mu sac yangu. Twende tuangalie mu cuisine yako."

Alifungua kabati moja moja. Chumvi, unga, majani ya chai aliyoyatazama kwa huruma. Akafika dirishani, kwenye mimea yangu. Akausogeza mmoja, chungu kikubwa cha mshubiri, akaugeuza kwenye mwanga. Majani yake manene yalikuwa yamepunguzwa upande mmoja, moja baada ya jingine, na kila kikonyo kilikuwa kimekatwa sawa kabisa, mkato wa mkasi wa fundi.

"Na iyi," akauliza, "nani anaikata?"

"Mimi."

"Juu ya nini?"

"Kijiko chake cha asubuhi," nikasema, na nilikuwa katikati ya sentensi nilipojisikia.

Mama yangu alitunywesha mshubiri kila shule zikifungwa. Tulipanga foleni watoto sita, kijiko kimoja, uchungu mpaka masikioni, kisha kipande cha muwa. Ni wa kusafisha damu, alisema, na ule utomvu wa njano ndio wenye kazi, usimwage. Mtu akitoka kuumwa malaria, kijiko. Mtu akitoka kujifungua, kijiko. Sikuwahi kuuita dawa. Dawa ni kitu cha duka la dawa. Majani ya kienyeji ni kitu wanachotumia watu wengine, tena hasa wakwe. Daktari alipouliza juu ya majani, akili yangu ilikimbilia Matonge moja kwa moja, ikapita juu ya dirisha langu mwenyewe bila hata kupunguza mwendo. Mkasi ni wangu, kijiko ni changu, na kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, nilikuwa nimeandika joto, uji na usingizi, kijiko sikukiandika hata siku moja. Ilikuwa kama kuandika kwamba nimemsalimia.

Nilikwenda chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Alikuwa amesikia.

"Ulijua," nikamwambia. "Siku ile daktari anauliza, ulikuwa unanitazama mimi."

Alikubali kwa kichwa.

"Kwa nini ukasema hapana?"

Alijishika ile nusu iliyosukwa. "Nilijiambia ni kijiko tu. Na weye ulikuwa unaogopa sana, papa. Ile ndiyo kitu moja ulikuwa unajua kufanya. Nisingeweza kukunyima."

Mtu huyu huyu anawapimia wazee dawa zao kila siku kwa mkono usiotetemeka. Nilimwambia shemeji apige simu hospitali.

Walisema aje mara moja. Nilibeba chungu. Shemeji aliniuliza kama naenda hospitali au sokoni, nikamwambia wakitaka ushahidi, watauona. Kwenye teksi nilikipakata mapajani, mke wangu pembeni na nusu ya kichwa chini ya kitambaa, shemeji mbele, dereva akitutazama kwenye kioo na kuamua kutouliza.

Bahati, yule daktari alikuwa zamu. Niliweka mshubiri mezani kwake, nikatoa mita shingoni, nikamwonyesha: kutoka hapa mpaka hapa kila asubuhi, pamoja na utomvu, tangu siku aliyotoka hospitali. Jani hili Jumatatu, hili Jumanne. Sijawahi kutoa vipimo sahihi hivyo. Aliandika kila kitu. Aliuliza, kupitia kwa shemeji, kama tuliusaga na maji au la. Hakukunja uso hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko angenifokea.

Wakamchukua mke wangu damu, wakampiga picha ya tumbo kwa kile kifaa wanachokipitisha juu ya ngozi. Aliporudi kitandani nikamwambia amwulize daktari swali moja: kama nimekiua kile kipande kilichobaki.

"Siulizi ile," akasema.

Shemeji ndiye aliyeuliza. Daktari akajibu kwa urefu, akinitazama mimi, na shemeji akanirudishia sentensi kwa sentensi, bila kupunguza na bila utani.

"Anasema hajui. Pengine ni iyi muti, iliisha kuumiza bantu wengine. Pengine ni microbe, kadudu mu damu, ao njia ya nyongo imefungika. Banaangalia yote. Anasema zile cellules zinagawanyika, ndizo zilezile zinasafisha kila kitu inapita mu kinywa. Ulizipatia kazi ingine wakati zilikuwa na kazi mingi. Anasema asante juu umeleta. Anasema tungoje."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, na mtu wa ndani akawa mtu wa hospitali kwa siku sita. Nilijifunza lifti ipi ni ya haraka, nilijifunza kuomba maji, nilijifunza kusema "résultat", yaani majibu, mpaka wauguzi wakawa wanajificha. Jumapili waliniambia njia ya nyongo iko wazi. Jumatatu vipimo havikupanda. Havikushuka pia, vilisimama palepale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Jumatano vikashuka. Sikukubali kuambiwa. Niliomba karatasi zote mbili, nikaziweka moja juu ya nyingine dirishani, mistari ikaangaliana, nikaisoma tarakimu kwa tarakimu huku muuguzi akisubiri na mikono kiunoni. Vilikuwa vimeshuka kweli.

Walimpeleka kwenye mashine kubwa ya picha ili kulipima lile ini. Siku ya Alhamisi daktari aligeuza kioo cha kompyuta tukatazama sote watatu. Halikufanana na mchoro wake wala na kiatu changu. Lilikuwa limejaza upande wa kushoto na kuegemea ule uwazi wa kulia, limevimba, zito, halina kona, kubwa kuliko siku walipoliacha. Hawezi kusema kama lingekuwa kubwa zaidi bila mimi, shemeji alitafsiri. Anasema linakua. Kuna wiki kadhaa mbele, na kwa wiki hizo mgonjwa anakula chakula na dawa zilizoandikwa, na kama mume anataka kumpa kitu chochote, hata maua, apige simu kwanza.

Mke wangu alicheka akashika ubavu. Mimi nilikuwa bado nakitazama kioo. Niliomba arudishe nyuma picha, aende mbele, arudishe tena. Nilikuwa natafuta kosa.

Ijumaa mchana tukaruhusiwa. Shemeji alitangulia na mkoba, akiwasimulia kwenye simu, sijui nani na nani, habari ya mwanamume aliyevuliwa ndani ya chupa ya kahawa. Jengo letu halina lifti. Mke wangu alishika ukuta wa ngazi, na mimi nikanyoosha mkono.

"Usinishike," akasema.

Nikarudi ngazi moja nyuma yake, ili kama ataanguka aniangukie mimi. Alipanda polepole. Nilihesabu pumzi zake, najua alikuwa anasikia ninavyohesabu. Ghorofa ya kwanza akasimama, akageuka, akanikuta nimeinua uso kuyatafuta macho yake. Akainama, akayafungua kwa vidole viwili, jicho moja kisha la pili.

"Angalia muzuri, ukamalize."

Nikasogea karibu. Taa ya ngazi, ambayo inajizima yenyewe kila baada ya muda mfupi, ikazimika. Juu yetu shemeji akapapasa ukuta, akabonyeza, ikawaka, nikaangalia tena.

"Meupe," nikasema. "Lakini kesho nataka kuyaona kwenye mwanga wa dirisha."

Akayaachia macho yake, akaendelea kupanda.